Nyumba za Dar es Salaam Zipigwe Picha Zingali na Watu

Mtu anayetaka picha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu au ya Boma la Kale hana haja ya kuhangaika. Majengo hayo yamepigwa picha tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza, yakachapwa kwenye kadi za posta, yakawekwa kwenye vitabu na kalenda, na hata leo mgeni akifika mjini ndiyo ya kwanza kuelekezewa simu. Lakini mtu huyohuyo akitafuta picha ya nyumba moja ya Mtaa wa Narung'ombe au wa Sikukuu kama ilivyokuwa 1985, nyumba ya bati yenye baraza mbele na wapangaji ndani, atazunguka sana na huenda asipate chochote. Nyumba ya namna hiyo ndiyo iliyowalaza na kuwalea wakazi wengi wa mji huu kwa vizazi kadhaa, na kwa sababu ilikuwapo kila mahali, hakuna aliyeona sababu ya kuipiga picha.

Mimi nimezaliwa na kukulia Ilala, na kwa miaka kadhaa sasa muda wangu wa mapumziko nimeutoa kwa kazi ya kupiga picha nyumba za kawaida za Dar es Salaam: nyumba za Kiswahili za Ilala, Magomeni na Temeke, ghorofa za zamani za Kisutu na Upanga, kota, fremu za biashara. Ninaamini kwamba nyumba hizi zinastahili kupigwa kwa uangalifu uleule ambao wapiga picha wa zamani waliupa Boma na makanisa, na kwamba zinatakiwa kupigwa sasa, watu wakiwa bado wanaishi ndani, kabla tingatinga halijaegeshwa mbele ya baraza.

Nyumba ya Kiswahili ya hapa kwetu ina mpango ambao mtu aliyelelewa humo anaweza kuutembea gizani. Mlango uko katikati ya uso wa nyumba. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu ulionyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa ukumbi kuna mlango wa pili unaotokea uani, kwenye jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mapipa ya maji, na mara nyingi kwenye banda la vyumba vingine vilivyoongezwa familia ilipopanuka. Mwenye nyumba aghalabu hukaa chumba cha mbele, ambako anaona nani anaingia na nani anatoka, na wapangaji hugawana vilivyobaki, kila mmoja chumba chake. Zamani kuta zilikuwa za udongo uliokandikwa kwenye fito na boriti za mikoko, ambazo nyingi zililetwa kwa jahazi kutoka Rufiji, na paa lilikuwa la makuti. Baadaye likaja bati, kisha zikaja tofali za saruji, lakini mpango wa ndani ukabaki uleule, kwa sababu ulikuwa umekidhi mambo mawili makubwa kwa pamoja: familia kuwa na pake, na kodi ya chumba kupatikana kila mwezi bila mwenye nyumba kuhama.

Nichukue uso wa nyumba moja tu, ya Ilala, ambao nimeupiga mara nyingi. Baraza ni ya saruji, na kingo zake zimelainika kwa kukaliwa. Sehemu ya chini ya ukuta, hadi kimo cha goti, imeliwa na chumvi. Plasta imebanduka, tofali zinaonekana, na juu kidogo kuna michirizi ya tope iliyorushwa na matone ya masika. Dirisha la kushoto bado ni la mbao, mabawa mawili yanayofunguka nje, na wavu wa mbu umepigiliwa kwa ndani. Upande wa kulia hakuna tena dirisha: ukuta umebomolewa, ukawekwa mlango wa chuma, na chumba cha mbele kimekuwa fremu ya wakala wa pesa za simu. Rangi ya kampuni imepakwa ukutani kuanzia kona hadi nusu ya uso wa nyumba, ikakatwa ghafla kwa mstari ulionyooka, na mstari huo unakuonyesha mkataba wa pango unaishia wapi. Juu ya mlango mkuu kuna kibao kidogo cha anwani ya makazi, vile vilivyosambaa mitaani 2022, mwaka wa Sensa. Pembeni yake, kwa brashi na herufi kubwa nyekundu, imeandikwa: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI.

Maandishi hayo yako kwenye kuta nyingi za mji huu. Huandikwa pale ndugu wanapovutana juu ya mirathi, au pale dalali alipowahi kuleta mnunuzi wakati mwenye nyumba yuko safarini. Mpiga picha anayetafuta uzuri peke yake atajaribu kuyakwepa, atasogea kushoto au atayafuta kwa programu baadaye, na kwa kufanya hivyo atakuwa amefuta habari nzito kuliko zote zilizoko kwenye ukuta ule. Mimi huyaacha yote: mita ya umeme, nyaya zilizoning'inia, antena, ndoo. Kitu pekee ambacho huwa ninasubiri kiondoke ni gari lililoegeshwa mbele ya mlango.

Watu wengi wakinyanyua simu kupiga nyumba huielekeza juu kidogo ili paa liingie, na matokeo yake kuta zinaonekana zinaegemea nyuma. Dawa yake ni kushika kamera ikiwa wima kabisa, kimo cha nusu ya ukuta, na kurudi nyuma hadi nyumba nzima iingie. Kwa nyumba ya chini ni rahisi, kwa sababu mitaa ya Ilala na Magomeni ilipimwa kwa upana wa kutosha. Kwa ghorofa za mjini ni kazi kweli, maana ukirudi nyuma unagonga duka la upande wa pili, na hapo hakuna njia ila kuomba kupanda ghorofa ya pili au ya tatu ya jengo linalotazamana nalo na kupiga kutoka dirisha la ngazi. Huwa ninapendelea kusimama usoni kabisa mwa nyumba, bila kuipiga kwa pembeni. Picha ya pembeni inaonekana ina uhai zaidi, lakini ya usoni inapimika: mtu akijua upana wa mlango anaweza kukadiria mengine yote.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, na hilo linaamua kila kitu. Mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la saa sita mchana linasimama karibu kabisa utosini, kivuli cha mtu kinaishia miguuni pake, na uso wote wa nyumba unazama kwenye kivuli cha paa lake lenyewe huku bati likimeta hadi kuunguza picha. Kuanzia Aprili jua linahamia kaskazini. Juni, nyumba zinazotazama kaskazini hupata mwanga wa upande ambao hutoa kila ufa na kila alama ya mwiko wa fundi, na zile zinazotazama kusini hukaa kivulini siku nzima. Desemba mambo yanageuka. Kwa hiyo mtaa mmoja wenye nyumba pande mbili hauwezi kupigwa vizuri kwa msimu mmoja. Upande mmoja utausubiri nusu mwaka. Nyumba zinazotazama mashariki zipigwe kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na zinazotazama magharibi baada ya saa kumi jioni. Siku ya mawingu mepesi nayo isidharauliwe, hasa kwa ukuta uliopakwa rangi ya chokaa, ambao juani hupoteza alama zake zote.

Yote hayo ni mepesi ukilinganisha na kubisha hodi. Kisheria mtu aliyeko barabarani anaweza kudhani hana sababu ya kumwomba yeyote ruhusa ya kupiga uso wa nyumba, lakini uswahilini nyumba haina uso usio na mwenyewe. Mtu mwenye kamera mbele ya nyumba huenda ni dalali, huenda ni mtu wa benki anayekuja kutathmini nyumba iliyowekwa rehani na mtoto mmoja bila wenzake kujua, huenda ni wa barabara, na kesho yake kutakuwa na alama ya X nyekundu ukutani. Hofu hizo zina msingi. Wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro waliziona alama hizo na wakaona nyumba zikiangushwa, na habari ile haijasahaulika. Kwa sababu hiyo huanza kwa mjumbe, au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisha ndipo naenda mlangoni, na kamera inabaki mfukoni hadi niambiwe sawa.

Bibi mmoja wa Magomeni alinisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka barazani, anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu. Unataka kununua?"

"Hapana, bibi. Ninaomba kupiga picha nyumba yako kwa nje, iwepo kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nyumba au ya mimi?"

Nikamwambia ya nyumba, na yeye akipenda, yake pia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi ngoja nimwite mjukuu afagie." Nilimsihi asifagie, naye akakataa katakata, na nadhani alikuwa na haki. Nyumba yake ilikuwa inapigwa picha kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyejua inapaswa kuonekanaje. Mjukuu alifagia, akaanua nguo, akaondoa ndoo, na picha iliyopatikana ni ya nyumba iliyojiandaa. Tangu hapo nimeacha kubishana kuhusu jambo hilo. Anayependa kuacha vitu vilivyo aviache, na anayependa kupanga apange. Na nikirudi nampelekea picha iliyosafishwa kwenye karatasi, kwa kuwa picha ya kwenye simu hupotea siku simu inapoibiwa.

Kuna majengo ambayo ruhusa yake haipo, nayo ni ya jeshi, ya polisi, Ikulu na bandari. Hayo niyaache.

Ukivuka Mnazi Mmoja kuelekea mjini unaingia kwenye nyumba za aina nyingine. Uwanja ule wenyewe ni sehemu ya habari: wakoloni waliupanga mji kwa rangi za watu, Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko, na nafasi ya wazi ikaachwa ili kutenganisha. Kisutu na mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi na Mosque bado ina ghorofa mbili tatu za wafanyabiashara Wahindi, chini duka, juu makazi, veranda imefungwa kwa nondo zilizokunjwa kwa nakshi, na kwenye kipaji cha jengo pameachwa jina la familia au mwaka kwa herufi za saruji. Ngazi zake zimejengwa kwa tofali za matundu, zile zinazopitisha upepo na kukata jua, na asubuhi zinamwaga vipande vya mwanga kwenye sakafu ya terazo hadi ghorofa ya juu. Kwangu hizi ndizo sehemu nzuri kuliko zote za kupigwa picha katika jiji hili, na zinapungua kwa kasi, kwa sababu jengo jipya lina lifti na kiyoyozi, na tofali la matundu halihitajiki tena.

Majengo hayo yana historia nyingine juu ya ile ya ukoloni. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya hapa mjini yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. 1990 yakahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee bado huziita nyumba za Msajili. Kwa hiyo unaweza kukuta jina la familia moja limeandikwa kwa saruji kwenye kipaji, kibao cha Shirika kimepigiliwa mlangoni, na juu ya duka pana bango la mpangaji wa leo. Nikipiga jengo kama hilo huhakikisha tabaka zote tatu zinasomeka, hata kama itanilazimu kupiga picha ya pili ya mlango peke yake.

Mtu anaweza kuuliza kama kazi ya kuhifadhi si ya serikali. Sehemu ni yake, lakini sheria iliyopo haikutungwa kwa ajili ya nyumba hizi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860. Maana yake ni kwamba karibu mji wote uko nje ya ulinzi huo, na jengo haliingii ndani yake hadi litangazwe rasmi kwa jina lake. Yakitangazwa, yatakayotangazwa ni makanisa, maboma na nyumba za watu mashuhuri, kama ile ya Magomeni aliyoishi Mwalimu Nyerere, ambayo sasa ni makumbusho. Nyumba ya jirani yake, yenye mpango uleule na bati lilelile, haina ulinzi wowote.

Hata majengo makubwa ya umma yanaweza kututoka tukiyaona. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, na paa lake la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa lilibuniwa lipitishe hewa na likusanye maji ya mvua. Watu wa Dar tumenunua nyanya na mbegu chini ya miavuli ile bila kuinua macho. Julai 2021 soko liliungua, na ndipo wengi tulipoanza kutafutana tukiulizana nani ana picha za ndani. Zilizopatikana nyingi zilikuwa za bidhaa na za watu, paa likionekana kwa bahati kwenye kona.

Sipigi picha hizi ili kumwambia mtu abaki kwenye nyumba ya bati. Nimelala kwenye chumba chenye joto la bati mwezi wa Februari, na ninajua foleni ya choo kimoja cha uani inavyokuwa saa kumi na moja alfajiri. Ninajua pia jinsi ghorofa za Kariakoo zinavyoinuka: mzee amefariki, watoto ni tisa, nyumba haigawanyiki, anakuja mwenye mtaji, wanaandikiana ubia, nyumba inabomolewa, na baada ya miaka michache kila mrithi ana fremu yake au chumba chake juu. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo njia pekee ya urithi kumfikia kila mtu. Ninachoomba ni siku moja kabla ya kubomoa: uso wa nyumba, ukumbi kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, ua, jiko, dari, mlango na bawaba zake, na kipimo cha chumba kimoja kwa futi. Kazi hiyo inamalizika kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo haiwezekani tena.

Ramani za mtandaoni zimesaidia sana. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wananchi, wakachora paa kwa paa mitaa inayokumbwa na mafuriko, na leo unaweza kuona umbo la nyumba ya Tandale au Mchikichini kutoka juu. Lakini ramani inaona bati tu. Haioni kama kuna baraza, kama dirisha ni la mbao, wala nini kimeandikwa ukutani. Picha na ramani zinakamilishana endapo picha imeandikwa vizuri, na hapa ndipo wapiga picha wengi tunapoangusha kazi. Jina la faili libebe mtaa, namba ya nyumba ya kibao kipya, na tarehe. Pembeni pawekwe maneno machache ya mwenye nyumba kuhusu nani aliijenga na lini bati liliwekwa, kama anajua na kama anaridhia yaandikwe. Picha nzuri isiyo na mtaa wala tarehe ni pambo, na kwa kazi hii haitoshi.

Kwa miaka ya nyuma, ambayo hakuna kamera ya leo inayoweza kuifikia, hazina ipo majumbani. Picha za zamani zaidi nilizoziona za nyuso za nyumba za Ilala na Kariakoo zimo kwenye albamu za familia, na hazikupigwa kwa ajili ya nyumba. Ni za harusi, za Idi, za mtoto aliyevaa sare siku ya kwanza ya shule, za mzee na baiskeli yake mpya. Watu wamesimama mbele, na nyuma yao iko baraza, liko dirisha la mbao, na bati la wakati huo likiwa bado halina kutu. Picha moja ya bibi harusi anayetolewa nje ilinionyesha kwamba nyumba ambayo leo ina fremu tatu iliwahi kuwa na nguzo za mbao zilizochongwa, jambo ambalo hata wajukuu wa mwenye nyumba hawakuwa wanalijua.

Kwa hiyo wenye albamu hizo ninawaomba jambo moja. Mnapozipiga kwa simu ili kutumiana kwenye kundi la ukoo, msizikate pembeni ili nyuso za watu zionekane kubwa. Piga picha nzima hadi ukingo mweupe wa karatasi, kisha igeuze upige na mgongo wake, kwa kuwa studio za zamani ziligonga mhuri na tarehe huko nyuma, na mara nyingine mama au shangazi aliandika mtaa kwa kalamu ya wino.